Saa mbili zilizotukosesha Brunsbüttel

Mimi ni mtoto wa Sahare, Tanga. Hesabu ya maji nilifundishwa na babu: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvu, maji hujaa na kupwa sana, ukiwa nusu ni maji mafu, hujaa na kupwa kidogo, maji hujaa saa sita, hupwa saa sita, na kila siku husogea mbele kama dakika hamsini. Basi nilipoanza kusafiri kwa tanga kwenye mto Elbe, huku Ujerumani, sikuwa na wasiwasi. Mto tu, nikajiambia.

Mashua yetu ni ya mita 8, tumeinunua kwa kuchanga mimi na mwenzangu wa kazini. Tunaifunga Wedel, chini kidogo ya Hamburg, kwenye bandari ya mashua za starehe yenye nafasi kama 2,000. Magati yanaelea, yanapanda na kushuka kwenye nguzo za chuma. Maji yakiwa yametoka, daraja la kushukia gatini linasimama kama ngazi ya kupandia dari, na ole wako kama umeacha kupakia madumu hadi saa hiyo. Nguzo zenyewe ni ndefu kuliko nilivyoona haja, mpaka niliposimuliwa mafuriko ya bahari ya Februari 1962 yaliyoua watu 315 Hamburg. Sikuuliza tena.

Kila nafasi ina kibao. Mwenyewe akisafiri anakigeuza kijani ili mgeni afunge hapo. Kikiwa chekundu, pita. Na jirani na bandari kuna mahali ambapo tangu 1952 meli kubwa zinasalimiwa kwa wimbo wa taifa wa bendera yao. Wa Liberia na wa Panama nimeshaukariri. Wetu bado nausubiri.

Tulitaka kwenda Brunsbüttel, kilomita kama 54 kuelekea baharini, unapoanzia mfereji wa Kiel. Maji yalijaa saa 1 asubuhi. Mwenzangu alichelewa, tukanywa kahawa, tukang'oa saa 3. Nikapiga hesabu ya babu: yataanza kujaa saa 7, tuna saa nne nzima, na mkondo unatusukuma. Hata upepo wa magharibi uliotukabili usoni haukunitisha. Tukawa tunapiga bisho kushoto na kulia, nje ya njia ya meli kubwa, maana zinazopita pale zina urefu wa hadi mita 400 na hazina mchezo.

Tulipoupita mji wa Glückstadt, ulio njiani, karibu saa 7, niliangalia boya la kijani. Asubuhi yote maboya yalikuwa yamelalia upande wa bahari, kila moja na mkia wa povu. Hili lilikuwa limesimama wima kama askari. La mbele yake lilishaanza kutuinamia sisi. Baada ya nusu saa tanga limejaa, maji yanafoka kwenye omo, lakini mnara wa kanisa ufukweni umekaa palepale. Mwenzangu alinitazama tu. Tukageuza, tukaingia bandari ya nje ya Glückstadt maji yakiwa kidogo, na mkuku ukakaa kwenye tope laini, taratibu, kama mtu anayekaa kitini. Tukala samaki wa chumvi, mji ule unajulikana kwa samaki hao, tukangoja maji yatunyanyue.

Kosa langu nilielewa pale tumekaa topeni. Maji hayajai mto mzima kwa mpigo. Yanaanzia baharini na kupanda. Brunsbüttel yanaanza kujaa kama saa mbili kabla ya Wedel. Kwa hiyo ukipanda kwenda Hamburg unafuatana nayo na muda wako unarefuka, lakini ukishuka unakwenda kuyapokea njiani, muda unakatika. Tena saa sita kwa sita za babu huku hazipo: upande wa Hamburg yanajaa kwa saa kama tano na kupwa kwa saa kama saba. Zile saba ndizo zinazokulaghai uondoke kwa raha zako.

Wiki mbili baadaye saa za maji zikawa zimerudi karibu palepale. Safari hii tuling'oa saa 12 asubuhi, saa nzima kabla ya kupwa, injini ikisukumana na maji yaliyobaki kujaa, ambayo hayana nguvu tena. Kahawa tukainywea njiani. Upepo wa kusini-mashariki ukatushika mgongoni, Glückstadt tukaipungia mkono, na kabla ya saa 5 tulikuwa mbele ya malango ya mfereji, yanayozuia kujaa na kupwa kusiingie ndani, tukizunguka-zunguka kungoja taa nyeupe inayoruhusu mashua ndogo kuingia.

Jioni tulifunga ndani ya mfereji. Kwa mazoea ya gati la Tanga, kamba ya tezi, ile ya nyuma, nikaiachia urefu wa ziada, maji yakipwa isikatike. Mwenzangu akaja, akaikaza, akarudi kupika.