Maji ya moto hadi alfajiri: nilivyopima pumba, sufi na maranda hapa Tabora

Watu wa Pwani wakisikia Tabora hufikiria jua na vumbi. Waje mwezi wa sita au wa saba, waamke saa kumi na moja alfajiri, wachote maji ya mtungini wanawe uso. Bibi yangu, ninayeishi naye hapa Isevya, hakosi swala ya alfajiri, na vidole vyake vimeanza kukakamaa kwa umri. Udhu wa maji ya baridi unamtesa kwa muda mrefu baada ya swala. Kwa hiyo kila kipupwe ilibidi mmoja wetu aamke mapema kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya birika moja tu.

Hilo lilikuwa likinisumbua. Maji ya birika yanapochemka, mkaa ndiyo kwanza umekolea, na unaobaki unaungua bure uani. Mkaa wenyewe unatoka kwenye miombo ya huku huku kwetu, ambayo tayari inakatwa kwa kuni za kukaushia tumbaku. Wakati huohuo usiku tukimaliza kusonga ugali, jiko linabaki na moto wa kutosha kuchemsha sufuria nzima. Tatizo ni namna ya kuyafikisha maji hayo alfajiri yakiwa bado ya moto. Chupa ya chai tunayo, lakini inajaa chai. Bibi alikuwa na njia yake: anafunika ndoo kwa kanga, juu anatupia blanketi. Alfajiri maji yanakuwa yamepoa ila hayajawa ya baridi, na yeye anasema yanatosha. Nilimwona anavyokunja vidole, nikajua hayatoshi.

Ninafundisha fizikia sekondari, na somo la joto nalipenda kuliko mengine. Nikaamua nisikisie. Nikakusanya vitu ambavyo mtu wa kawaida hapa mjini anaweza kuvipata bure au kwa hela kidogo. Pumba za mpunga nilizitoa kwenye mashine ya kukoboa, ambako zinarundikwa nje hadi zinachomwa moto. Maranda na unga wa mbao nilipewa na fundi seremala wa mtaani. Sufi niliitoa kwenye mto wa zamani wa kitanda. Nikaongeza magazeti, blanketi, karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, na mchanga mkavu, kwa sababu jirani alinihakikishia kuwa mchanga unakaa na joto kuliko kitu kingine chochote.

Sehemu ngumu ilikuwa kuhakikisha kwamba kinachoshindana ni vitu vyenyewe. Ukiweka maji mengi kwenye sufi na machache kwenye pumba, unapima wingi wa maji. Nikachukua makopo ya maziwa ya unga ya saizi moja, kila kopo likakaa katikati ya ndoo ndogo, na nafasi ya kujaza ikawa vidole vinne chini, pembeni na juu. Maji yote yalitoka sufuria moja, lita moja kila kopo. Vifuniko nilivitoboa tundu la kipimajoto, na kipimajoto kikishatoka tundu naliziba kwa unga uliokandwa. Kabla ya kusoma nilikoroga, maana maji ya moto hupanda juu na ya chini yanakudanganya. Na kila nilipopima, kopo moja niliacha tupu bila kuzungushiwa kitu, ili usiku wa baridi zaidi usije ukaonekana ni udhaifu wa pumba.

Wanafunzi waliokuja kunisaidia waliuliza mara moja mbona maji yanatokota na kipimajoto kinaonyesha 96 badala ya 100. Hilo ni la Tabora yenyewe: tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza kidogo kuliko Pwani, kwa hiyo maji huchemka mapema. Tulianza kuhesabu yakifika digrii 90.

Baada ya saa mbili kopo tupu, likiwa na kifuniko chake, lilikuwa limeshuka hadi karibu na 50. Lililokaa kwenye sufi lilikuwa bado juu ya 80. Pumba zilikuwa nyuma ya sufi kwa digrii mbili tatu tu, na hapo nilifurahi kweli, kwa sababu sufi inanunuliwa na pumba zinachomwa. Maranda yakafuata, kisha unga wa mbao. Magazeti yaliyofinyangwa ovyo yalishinda magazeti yaliyopangwa bapa na kukazwa, ingawa karatasi ni ileile. Blanketi lilikaa katikati ya msafara. Mchanga uliishia digrii chache tu juu ya kopo tupu.

Jirani hakukubali matokeo ya mchanga, na ana sababu: mchanga uliokaa juani unachoma miguu hadi jioni. Lakini huo umeshapewa joto na jua. Mchanga wa baridi ukizungushiwa maji ya moto unaanza kwa kujipasha wenyewe kwa joto la maji yako, kisha unalipitisha nje. Kubeba joto ni kazi moja na kulizuia lisipite ni kazi nyingine kabisa.

Karatasi ya kung'aa ilinifundisha jambo jingine. Kopo lililofungwa karatasi hiyo peke yake lilishinda kopo tupu waziwazi, kwa kuwa karatasi inazuia mnunurisho, yaani joto linalotoka kama miali bila kuhitaji kitu cha kupitia. Nilipoiweka ndani ya pumba, tofauti haikuonekana. Pumba zilikuwa zimeshafanya kazi yote, sasa karatasi inagharimu bila faida.

Kinachozuia joto katika vitu hivi karibu vyote ni hewa iliyonaswa ndani yake. Hewa ikitulia hupitisha joto vibaya sana. Maji hulipitisha zaidi ya mara 20 ya hewa. Lakini hewa ikiachiwa nafasi inazunguka: ya moto inapanda, ya baridi inashuka kuchukua nafasi yake, na joto linaondoka nayo. Ndiyo maana unahitaji kitu cha kuigawa katika vijumba vidogo isitembee. Uzi wa sufi una tundu ndani, karibu wote ni hewa. Ganda la mpunga limejikunja na kuacha nafasi. Gazeti lililofinyangwa lina mikunjo. Chupa ya chai inakwenda mbali zaidi: tangu mwanasayansi James Dewar alipoibuni mwaka 1892, kati ya kuta zake mbili hewa yenyewe imetolewa.

Ili kuwaonyesha wanafunzi hilo la hewa na maji, pumba za ndoo moja nilizinyunyizia maji makusudi. Kopo lake lilishuka upesi, likaachwa nyuma hata na unga wa mbao. Pumba zenye unyevu si kihami, yaani kizuia joto, tena.

Lakini matokeo ambayo ningependa kila jiko la Tabora liyajue ni ya kifuniko. Tulichukua kopo moja tukalizungushia sufi vidole vinne chini na pembeni, kisha tukaliacha wazi juu. Jingine halikuzungushiwa chochote, likafunikwa kwa kifuniko chake cha bati tu. Yalipoa karibu sawasawa. Sufi yote ile ilikuwa inafanya kazi sawa na kifuniko kimoja. Sababu ni mvuke: gramu moja ya maji ikiondoka kama mvuke inachukua joto la kutosha kushusha nusu lita ya maji kwa digrii moja hivi. Bibi aliposikia alisema, "Mjukuu wangu, ndiyo maana sisi tulifunika." Ni kweli, na kanga yake ilikuwa inasaidia kuliko nilivyodhani, ila kitambaa kinapitisha mvuke. Ndoo yake ilihitaji kifuniko kinachobana kabla ya blanketi.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama si Mtanzania aliyesema kwamba maji ya moto huganda kabla ya ya baridi. Ni Erasto Mpemba, aliyeliona jambo hilo mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, akitengeneza aiskrimu ya maziwa. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wakalichapisha, na wanasayansi wanabishana hadi leo. Nilitumia muda mrefu kumweleza huyo mtoto, kwa sababu napenda wajue kwamba swali la jikoni lilitoka kwenye shule yetu ya kawaida likaenda duniani.

Baada ya hapo kujenga kulikuwa kwepesi. Nilinunua tenga sokoni, ndani nikatandika kiroba, nikamimina pumba zilizoanikwa juani hadi zikalia mkononi. Katikati nikaacha shimo la sufuria ya lita tano, nikalivika shuka kuukuu ili pumba zisiingie majini. Juu nikashona mto mnene wa sufi kwa kanga iliyochakaa. Sufuria inajazwa karibu na ukingo, inafunikwa ikiwa bado inatokota, inaingia tengani, na mto unakandamizwa juu yake. Lita tano zinapoa polepole kuliko lita moja hata bila tenga, kwani eneo la kupotezea joto ni dogo ukilinganisha na maji yaliyomo, kwa hiyo usichemshe kidogo ukategemea miujiza.

Tuliiweka saa tatu usiku. Saa kumi na moja alfajiri kipimajoto kilisoma juu ya 65, usiku wa baridi. Hapo ilibidi nimkataze Bibi asitie mkono, maana maji yaliyopita 60 yanaunguza ngozi ya mzee kwa sekunde chache. Sasa kanuni ya nyumba ni kwamba maji ya baridi yanatangulia kwenye beseni, ya moto yanafuata, na mwenye kuchanganya anapima kwa kiwiko. Sufuria moja inamtosha kutawadha, inabaki ya watoto kuoga kabla ya shule, na jiko la alfajiri haliwashwi tena.

Pumba huvuta unyevu wa mvuke unaoponyoka, kwa hiyo kila baada ya muda nazimwaga kwenye turubai juani, na zikianza kunuka uvundo nabadilisha zote. Panya nao wanazipenda kama zina chenga za mchele, basi zipepete kwanza kwenye ungo.

Mama wa nyumba ya pili, ambaye binti yake amejifungua, aliomba nimsaidie kutengeneza tenga la kuwekea maji ya kumkandia mzazi. Yeye alitumia sufi tupu, na maji yakawa yanapoa kuliko yangu. Tulipofungua tukakuta sufuria imeilalia sufi ya chini ikabaki bapa, haizidi unene wa kidole. Tukaiweka sufuria juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, na sufi tukaichambua tukaijaza pembeni ya ngata bila kuikandamiza.