Rangi ya Mtori

Mwaka 2018 nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la steshenari pale Moshi, si mbali na mnara wa saa. Mlango ulitazama magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri jua lilikuja mpaka mezani kwangu. Kompyuta mpya ilikuwa na mfumo wa Ubuntu 18.04, ambao terminali yake, lile dirisha la kuandikia amri, ina ile zambarau nzito kama bilinganya. Jua likiipiga inageuka kioo: naona ndevu zangu na bodaboda zinazopita nje, herufi sizioni.

Kwenye mashine ya zamani nilizoea xterm, terminali ya aina nyingine, na rangi zangu zote zilikaa kwenye faili moja, .Xresources: mandhari ya krimu, herufi nyeusi. Nikalihamisha kwa flashi, nikaandika xrdb -merge, amri ya kulipakia, nikafungua terminali. Zambarau. Nikabadili krimu kuwa njano, njano kuwa nyeupe. Nikatoka nikaingia, nikazima nikawasha. Siku mbili hizo, jamani, na umeme nao ukakatika katikati.

Mama mwenye duka akasimama nyuma yangu. "Mwanangu, unapaka rangi tangu jana. Nyumba yenyewe iko wapi?"

"Inakuja, mama."

Kumbe aliuliza la maana. Terminali ya GNOME, hii iliyokuja na Ubuntu, hailisomi faili lile hata kidogo. Mipangilio yake inakaa kwenye dconf, ghala la mipangilio ya mfumo, na imegawanywa kwa profaili: kila profaili ina rangi zake. Xterm ilikuwa imeshapata krimu tangu siku ya kwanza, ila Ctrl+Alt+T, vibonye vya kufungulia terminali, haikufungua xterm, na mimi sikuwahi kuiita.

Basi nikaingia kwenye mipangilio, nikatengeneza profaili mpya. Vibonye vya rangi vimefifia, havibonyezeki, kisa kisanduku kimoja chenye tiki: tumia rangi za mfumo. Nikatoa tiki, nikachagua, krimu ikaja. Mama akachungulia: "Hiyo sasa ni rangi ya mtori." Nikaipa profaili jina hilohilo, Mtori, nikafunga dirisha kwa mbwembwe, nikabonyeza Ctrl+Alt+T.

Zambarau.

Hapo niliacha kubahatisha, nikaiuliza mashine yenyewe ina profaili zipi:

gsettings get org.gnome.Terminal.ProfilesList list

Zikatoka namba mbili ndefu, kila moja ina herufi na tarakimu 32 zilizokatwa kwa vistari. Nikauliza tena, safari hii mwishoni nikaandika default badala ya list. Ikatoka moja tu, iliyoanza na b1dcc9dd. Ile ya zambarau! Mtori ilikuwepo, imeandikishwa vizuri kabisa, lakini kila dirisha jipya lilikuwa linamwendea mwenzake, kwa sababu sikuwa nimeifanya ya msingi, ile inayofunguka yenyewe.

Kilichobaki ni kuingiza namba ya Mtori kwa amri ya gsettings set. Ningeweza kuinakili kwa mausi, lakini mausi ya duka kibonye cha kushoto kilikuwa kinashika kikitaka, kwa hiyo nikaamua kuichapa. Na ilibidi niisome juu ya zambarau ileile, saa kumi kasoro, jua likiwa limekaa juu ya skrini. Nikachukua boksi tupu la karatasi za A4, nikalivisha skrini, nikaingiza kichwa humo ndani na kuanza kuita kwa sauti, herufi moja moja, huku vidole vinapapasa kibodi.

"Kaka," sauti ikasema kaunta, "photocopy ya kitambulisho mbele na nyuma ni shilingi ngapi?"

"Subiri," nikajibu ndani ya boksi, "zimebaki nne."