Dar es Salaam hadi Santiago kwa tiketi moja, baada ya LATAM kutoka Oneworld

LATAM, shirika la ndege la Amerika Kusini, ilitoka Oneworld, muungano wa mashirika ya ndege, tarehe 1 Mei 2020. Chanzo kilikuwa Delta ya Marekani, ambayo Septemba 2019 ilitangaza kununua asilimia 20 ya hisa za LATAM kwa dola bilioni 1.9, na Delta ni mwanachama wa SkyTeam, muungano mwingine. Hata hivyo LATAM haikuhamia SkyTeam. Imebaki nje ya miungano, ikawa na mkataba na shirika moja moja kati ya wenzake wa zamani, wakiwemo Iberia, British Airways na Qatar Airways. Anayetoka Dar kwenda Santiago, Chile, mkataba unaomhusu ni ule wa Qatar: Qatar inakufikisha São Paulo kupitia Doha, LATAM inakuchukua kutoka hapo.

Kuuliza tu "bado wanashirikiana?" hakutoshi. Kabla ya kulipa niliuliza mara tatu: kuhusu tiketi, kuhusu mzigo, kuhusu pointi. Kila moja ina makubaliano yake, na moja kuwepo si dhamana ya nyingine.

Kwenye tiketi nilitazama tarakimu 3 za mwanzo za namba yake, ambayo ina tarakimu 13. 157 ni Qatar, 045 ni LATAM. Aliyetoa tiketi ndiye wa kuibadilisha kabla safari haijaanza. Kwenda na kurudi kwa njia hii ni vipande 6, kimoja kwa kila ndege, na tiketi moja hubeba vipande 4 tu, kwa hiyo utapewa namba mbili zinazofuatana. Hilo lisikutishe ilimradi zote zinaanza na 157. Ukikuta moja ni 157 na nyingine 045, hapo umeuziwa safari mbili zilizochapwa pamoja, na ukichelewa São Paulo gharama ya ndege ya pili inaweza kuwa yako.

Niliomba pia namba ya kuhifadhi nafasi (booking) ya upande wa LATAM. Ni herufi na tarakimu 6, tofauti na ile ya Qatar, na tovuti ya LATAM inaweza isikutambue bila hiyo.

Tatizo kubwa hutokea ratiba inapobadilika. Mfumo huiondoa ndege ya zamani kwa alama ya UN, huleta mpya kwa TK, na wakala akikubali inakuwa HK, yaani imethibitishwa. Wengi huishia hapo. Lakini kukubali kwenye rekodi ya nafasi hakuibadilishi tiketi! Kaunta husoma vyote viwili, na kama kipande cha tiketi bado kina ndege au tarehe ya zamani, mfumo unaweza kukataa kukupa pasi ya kupandia. Mashirika mawili yakiwa na mifumo tofauti, kasoro hii ni rahisi kupita bila kuonekana. Siku 9 kabla ya safari nilikuta rekodi ina ndege mpya na tiketi ina ya zamani. Wakala alikuwa amekubali tu. Nilimtaka aitoe tiketi upya bila malipo, kwa kuwa badiliko halikutoka kwangu, kisha nikalinganisha risiti mpya mstari kwa mstari: namba ya ndege, tarehe, herufi ya daraja la bei, na neno OK. Nilipima pia muda wa kuunganisha São Paulo. Chini ya saa 3 sikubali, hata kama mfumo unaruhusu.

Mzigo una safu yake kwenye risiti. 2PC ni mabegi mawili, 30K ni kilo 30. Hakikisha vipande vyote vinasema jambo moja. Dar, soma lebo kabla begi halijaondoka kwenye mkanda: herufi za mwisho ziwe SCL, yaani Santiago. Zikiwa GRU, begi lako litaishia São Paulo. Anayeendelea ndani ya Brazil, tuseme Rio de Janeiro, atalichukua GRU kwa ajili ya forodha hata lebo ikisema vingine.

Kilichopotea kweli ni hadhi ya kadi. Sapphire au Emerald, ngazi za juu za kadi za Oneworld, hufungua launji na kaunta za kipaumbele kwa wanachama wote wa Oneworld, na LATAM si mwanachama tena. Usipange kusubiri saa nyingi São Paulo kwa kutegemea launji ya LATAM kwa kadi hiyo. Pointi ni habari nyingine: zinaweza kuendelea kuingia kwa mkataba wa mashirika mawili, ila hutegemea herufi ya daraja, na herufi za bei ya chini mara nyingi hupata kidogo au sifuri. Soma jedwali la programu yako kwanza, na uangalie kama kipande cha LATAM kimeuzwa kwa namba ya ndege ya LA (LATAM) au ya QR (Qatar), maana ndege ni ileile lakini hesabu inaweza kutofautiana. Tunza picha za pasi za kupandia pamoja na risiti hadi pointi zionekane, kwa sababu ukidai zilizokosekana utaulizwa zile tarakimu 13 za tiketi.