Karatasi iliisha, mwalimu

Kila karatasi ya rimu niliikata vipande vinne. Darasa langu la kwanza lina watoto 94, na rimu yenyewe niliinunua kwa hela yangu, nikajiapiza kwamba itanifikisha hadi tufunge shule. Naanza na habari ya karatasi kwa sababu ndiyo iliyonitia aibu, na aibu ile ndiyo iliyonifundisha kazi.

Shule yetu iko pembezoni mwa jiji la Dodoma, upande wa barabara ya Singida, mahali ambapo upepo wa mwezi wa nane huingia darasani pamoja na nusu ya kiwanja. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, madarasa ya chini yamefurika. Unamjua mtundu, unamjua anayeongoza, unamjua anayeumwaumwa. Waliobaki wanakuwa sauti moja tu ya "shikamoo mwalimu" saa mbili asubuhi. Nilikuwa natafuta namna ya kuwafikia hao waliobaki, ndipo mwalimu mwenzangu akanidokeza kwamba mtoto mdogo ukimwambia achore familia yake, atakuonyesha asiyoweza kuyasema.

Nikaingia kwenye simu kutafuta. Nikakuta orodha tamu kweli. Mtoto akijichora mdogo, hajithamini. Akimwacha mtu, ana kinyongo naye. Mikono mikubwa, kuna anayepiga. Rangi nyeusi, huzuni. Nikainakili yote nyuma ya daftari la maandalio na nikajiona daktari.

Ijumaa moja nikagawa vile vipande. Kuna mvulana mmoja, mchangamfu, wa dawati la mbele. Alichora ng'ombe wawili, baba, mama, bibi, kaka zake watatu, na chini kabisa kwenye kona akajichora yeye mwenyewe, kadogo kama punje ya mtama, hana hata miguu. Moyo ukanilipuka. Nilipiga picha nikairusha kwenye kundi la WhatsApp la walimu: "Jamani, huyu mtoto ana tatizo kubwa nyumbani." Jumatatu nikamwita mama yake.

Mama yule alikuja na mtoto mgongoni, ameacha meza yake ya nyanya na mlenda mkavu inalindwa na jirani. Kumbe habari zilishamfikia kabla yangu, maana mmoja wa walimu anaishi mtaa wao. Hata hakukaa.

"Mwalimu, nasikia umesema mwanangu tunamtesa."

Nikaanza kueleza habari za hisia, na afya ya akili, na jinsi mchoro unavyoonyesha ya moyoni. Akanikata.

"Kwa hiyo ndiyo tumpeleke Mirembe?"

Kwa msomaji asiye wa huku: Mirembe ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, nayo iko hapahapa Dodoma. Inatibu watu na wanarudi makwao, lakini mitaani jina lake tumeligeuza tusi, kiasi kwamba ukitamka "akili" mbele ya mzazi, yeye ameshaona geti. Tangu siku ile neno hilo silitumii na wazazi. Nasema "mtoto hana raha" na tunaelewana.

Nikaona nimwite mvulana mwenyewe. Nikamwekea mchoro wake mezani nikamwuliza swali nililopaswa kumwuliza Ijumaa.

"Mbona wewe ni mdogo hivi?"

Akanitazama kwa mshangao. "Karatasi iliisha, mwalimu."

Alikuwa ameanza na ng'ombe. Ng'ombe wakala nafasi, kisha wakubwa kwa mpangilio wa umri, na yeye, mdogo kuliko wote aliowachora, akajibana palipobaki kwenye kile kipande nilichokikata mimi kwa wembe wangu. Mama yake alicheka mpaka mtoto wa mgongoni akaamka. Mimi sikuweza kucheka. Nilimwomba radhi, nikaifuta ile picha kwenye kundi, ingawa kila mtu anajua picha ikishatumwa haifutiki vichwani mwa watu. Kwa wiki mbili tatu watoto wa mwalimu mmojawapo walikuwa wakimwita yule mvulana "mgonjwa".

Aliyeninusuru ni afisa ustawi wa jamii wa kata yetu, dada mmoja asiyezunguka maneno. Nilimpelekea ile orodha. Akaisoma akiguna. "Mwalimu, mchoro si kipimo cha malaria. Hutazami mistari miwili ukatoa dozi."

Yeye ndiye aliyenieleza jambo hili lilikotoka. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Florence Goodenough, alitumia mchoro wa mtu kupimia akili za watoto, akihesabu kilichochorwa: macho, vidole, shingo. Waliomfuata ndio wakaanza kusaka hisia humohumo. Mwaka 1970 Robert Burns na Harvard Kaufman, nao wa Marekani, wakaongeza sharti dogo: mtoto awachore watu wote wa familia yake, akiwemo yeye mwenyewe, kila mmoja akifanya kitu. Lakini watafiti wengi waliokuja kuzipima alama hizo mojamoja waliona hazisimami. Mtoto asiyejua kuchora anafanana sana na mtoto mwenye dhiki. Tena akanieleza la Kamerun, ambalo lilinigusa zaidi: watafiti walilinganisha michoro ya watoto wa wakulima wa Kinso, kabila la huko, na ya watoto wa mijini Ujerumani, wakaona wale wa Kinso huwachora watu wadogo, mikono chini, bila tabasamu. Ukiifuata ile orodha, kijiji kizima kingeonekana kina majonzi. Kumbe ni malezi tu. Mtoto aliyefundishwa tangu mdogo kwamba yeye ni mmoja kati ya wengi hana sababu ya kujichora mkubwa kuliko bibi yake.

Nilirudi darasani nikaanza upya, safari hii polepole.

Cha kwanza nilichokibadilisha ni swali. Neno "familia" watoto wangu hulijua kutoka kwenye kitabu, na ukilitaja wanakuchorea kitabu: baba, mama, watoto wawili, nyumba ya bati, ua pembeni na jua lenye miale. Hata anayelala kwenye tembe na binamu saba anakuchorea ua. Nikasema basi, "chora watu wa nyumbani kwenu." Hapo wakatoka watu! Mtoto mmoja alichora kina mama watatu, na katika zile siku zangu za udaktari ningeshaandika ripoti; ni mama mzazi, mama mkubwa na mama mdogo, na wote anawaita mama. Mwingine alimwacha baba, nikauliza, akasema baba yuko machimboni Mererani, anakuja Krismasi. Hakumsahau wala hana kinyongo naye. Nyumbani hayupo, basi hakumchora.

Halafu lile sharti la kila mtu akifanya kitu. Sikulitegemea sana, lakini ndilo lililofungua midomo. Watu waliosimama wima hawana la kuulizwa. Ila ukiona mama anatwanga, baba amelala chini ya mti, kaka anakimbizwa na mbwa, huhitaji utaalamu wowote. Unasema tu, "Nisimulie," kisha unanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda kwa muda mrefu. Mwalimu amezoea kuuliza swali akiwa na jibu mkononi, na mtoto wa Kitanzania ni hodari wa kukisia jibu analolitaka mkubwa. Ukimwuliza "Hapa baba amekasirika, eti?" atasema ndiyo, na angesema ndiyo pia kama ungemwuliza baba anapaa.

Mengine ni ya utaratibu, nitayapita haraka. Siwachoreshi wote kwa pamoja tena. Nachukua wanane kwa siku wakati wenzao wako kwenye kusoma, na kila mmoja anapata karatasi nzima. Hela ikikata tunachora uani kwa vijiti, vumbi la Dodoma halina bei. Naangalia nani amechorwa kwanza na nani amefutwa. Nyuma ya karatasi naandika tarehe na maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Zinakaa kwenye boksi la sabuni ndani ya kabati lenye kufuli. Hazibandikwi ukutani, na simu haizipigi picha.

Sasa kuna binti ambaye kwake ndiko nilikoona faida ya haya yote. Miaka saba, anakaa dirishani, daftari safi, nguo zimepigwa pasi ya mkaa. Michoro yake ilikuwa ya kitabu kabisa, mizuri kuliko ya wote: jua, ua, watu wanatabasamu. Kwa orodha yangu ya zamani huyu angekuwa wa mwisho kuangaliwa. Shida yake pekee machoni pangu ilikuwa uvivu. Ikifika saa nne, uji ukishanywewa, kichwa kinalala juu ya dawati. Niliwahi kumsimamisha ukutani kwa kusinzia, mara mbili, na naandika hivi ili nisijisahaulishe.

Wiki moja nikawapa swali jingine, kwa kubahatisha tu: "Chora watu waliolala nyumbani kwenu jana usiku."

Binti akakaa na karatasi muda mrefu kuliko kawaida yake. Hakuchora jua. Alichora kitanda, watoto wawili juu yake, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na mlango. Mlango ulikuwa mkubwa kuliko kitanda, una komeo, na komeo lile alilipitishia penseli tena na tena mpaka karatasi ikatoboka.

Nikachuchumaa kando yake. "Nisimulie."

"Huyu mimi. Huyu mdogo wangu."

Nikanyamaza.

"Hili komeo. Nafunga mimi. Mama akigonga mara tatu nafungua, mtu mwingine sifungui."

"Mama anagonga saa ngapi?"

"Jogoo akishawika."

Ndiyo hivyo. Mama yake anauza chai na chapati usiku, huko malori ya mizigo yanakolala, njia hiyo ya kwenda Rwanda na Kongo. Mtoto wa miaka saba alikuwa akikesha kusikiliza mlango, akiwa mlinzi wa mtoto wa miaka mitatu, halafu asubuhi anakuja kwangu nimsimamishe ukutani.

Safari hii sikugusa WhatsApp. Nilimwona mwalimu wa malezi na unasihi, tukamweleza mwalimu mkuu mlango ukiwa umefungwa, kisha tukampigia yule dada wa ustawi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo kunyamaza halikuwa chaguo. Na kama ningeogopa ofisi, kuna 116, namba ya kusaidia watoto, kupiga ni bure. Lakini nilimwomba dada kitu kimoja: asiende na gari lenye maandishi ya serikali. Akaja kwa bodaboda, amevaa khanga.

Mama wa binti alilia kabla hatujamaliza salamu. Hakukana. "Mkinikataza usiku, mchana nitauza kwa nani?" Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri njiani, nikaimeza. Dada wa ustawi akauliza jirani ni nani. Nyumba ya tatu kulikuwa na bibi mmoja wa Kigogo, mjane, anaishi peke yake na kuku. Tukaenda wote. "Mbukwa," akatupokea, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia yule mama kwa ukali: "Mwaka mzima unapita hapa na jaba lako la chai, na hukunena?"

Wakakubaliana watoto walale kwa bibi siku za kazi, na chapati zitakazobaki alfajiri ziwe za bibi. Dada wa ustawi hupita kila baada ya wiki chache kuangalia. Haikunyooka yote, mwezi wa kwanza bibi aliugua macho, watoto wakarudi kwenye komeo siku nne, na mama hakutuambia. Tulijua kwa sababu kichwa kililala tena juu ya dawati saa nne. Na mama mwenyewe mpaka leo akiniona sokoni ananiamkia vizuri, lakini hasimami.

Binti nilimwomba msamaha kwa ule ukuta. Hakuelewa nasema nini, au alielewa akaamua kunihurumia.

Kabla hatujafunga shule nilirudia swali lilelile la jana usiku. Alichora kitanda kipana chenye watu watatu. Wa katikati mkubwa, amejaza karatasi, na watoto wamebanwa pande mbili kama vijiti vya kiberiti. Mlango hakuuchora kabisa. Kutoka mdomoni mwa yule mkubwa ilitoka mistari mingi ya mawimbi, imepanda mpaka juu ya karatasi. Nikamwuliza hii mistari ni nini.

"Bibi anakoroma," akasema, akaomba karatasi nyingine achore kuku.