Bibi aliyetekwa ana kinyungu chake

Kila upimaji wa mashamba unapotajwa kijijini kwetu, huku upande wa Kalenga, Iringa, hakosi mtu wa kutukumbusha kwamba sisi tuliletwa. Anamsema bibi aliyemzaa babu yangu. Alitekwa Ubena akiwa msichana, akaletwa Uhehe enzi za Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akapewa jembe. Pembe na mateka walipelekwa pwani, bunduki na nguo zikaja. Lakini wasichana wengi walibakizwa hukuhuku walime na wazae.

Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilipoangushwa na Wajerumani mwaka 1894 bibi hakurudi kwao. Alibaki bondeni, akachimba kinyungu, yaani shamba la bondeni lenye matuta na mifereji, linalolimwa kiangazi. Shuka pale mwezi wa nane, wakati nyasi za mlimani zimekauka kabisa: udongo ni mweusi, matuta marefu, mahindi yako magotini, na maboga yametambaa hadi ukingoni mwa mifereji. Mifereji hiyo ni yake. Sisi kazi yetu ni kuzoa tope tu kila mwaka, maji yapite.

Sasa ukoo uliommiliki bibi unakidai kinyungu hicho. Hoja yao ni kwamba mtumwa hana ardhi, alipewa ya kulimia tu. Inaniuma, maana babu yangu, kitinda mimba wake, alizaliwa baada ya Wajerumani kutangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia 1906 ni huru. Waingereza wakaufuta utumwa wenyewe mwaka 1922. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamtambua aliyeshika ardhi kwa amani na kwa uwazi kwa miaka 12 au zaidi. Sisi tumelima pale kwa vizazi vinne, hata wakati wa vijiji vya ujamaa, tulipohamishiwa barabarani pamoja na hao wanaotudai. Siku hizo hakuna aliyeulizwa bibi yake alitoka wapi.

Shangazi zangu walitaka tunyamaze. Wamekua wakiambiwa jambo hili ni la aibu, halisemwi mbele ya wakwe. Nimewaambia aibu ni ya aliyeteka. Tena wanaotusimanga ndio mashahidi wetu: kwa kusema aliletwa na Wahehe wenyewe, wanakiri kwamba alikuwa hapa kabla Mkwawa hajafa mwaka 1898. Ni nani kijijini mwenye ushahidi wa zamani kuliko huo?

Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wanawake hawapaswi kupungua watatu. Nimeomba waje bondeni, wasikae ofisini, wapite mfereji kwa mfereji na majirani wa mpakani wakiwepo. Shangazi mkubwa amekubali kusema. Atataja jina la bibi, alikotekwa na aliyemteka, kisha ataonyesha mpaka. Hati ya hakimiliki ya kimila tutaiomba kwa majina ya wajukuu wote, wa kike na wa kiume.