Sanduku la barafu na maswali yake

Saa 11 alfajiri sala, chai ya rangi na mihogo ya jana, halafu gari ya Konde. Saa 2 nishaingia mtoni pembeni mwa msitu wa Ngezi, viatu vya mpira miguuni, buibui nimelifunga kiunoni.

Nachukua sampuli za kupima nani anamla nani mtoni. Naokota majani yaliyooza. Nasugua mawe kwa mswaki nipate ule utelezi wa kijani. Wavu unaleta wadudu, kamba, konokono na visamaki. Kila kitu na mfuko wake, kwenye barafu. Wadudu tu ndio wanaobaki hai majini saa kadhaa watoe uchafu wa tumboni, la sivyo nitapima walichokula badala ya wao wenyewe.

Saa 5 akatokea bibi na beseni la nguo. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Nyie watu wa kichocho hamchoki tu?" Hapa Pemba ukionekana unaokota konokono mtoni, basi wewe ni wa kichocho, maana konokono ndio wanaoeneza ugonjwa huo, na simlaumu. Nikamwambia natafuta nani anamla nani humu. Akacheka: "Si uwapasue matumbo!"

Swali zuri kuliko mengi ya ofisini. Tumbo la samaki linataja mlo wa leo tu. Nyama yake inabeba milo ya wiki na miezi. Naitrojeni nzito, ile ya 15, huongezeka mwilini kila mnyama anapomla mwenzake, kiasi cha sehemu 3 hadi 4 kwa elfu, kwa hiyo inaonyesha nani yuko juu. Kaboni nzito, ile ya 13, haibadiliki sana kutoka mlo hadi mlaji, ndiyo inayotaja chakula kilianzia wapi: majani yaliyodondoka mtini au mwani wa kwenye mawe.

Kurudi ndiko kunakoniua. Gari haitoki mpaka ijae, jua la mchana limesimama, barafu inayeyuka, na nyama ikianza kuoza vipimo havitaaminika tena. Konda: "Dada, samaki wanalipiwa." Si wa kuuza. "Wa nini basi?" Mzee wa kiti cha nyuma anataka kuona kama ni samaki aina ya changu. Nikafungua. Visamaki vya urefu wa kidole, kila kimoja na karatasi yake yenye namba. "Khaa! Na hivi unalipwa mshahara?" Gari nzima kicheko. Nikalipia sanduku, nikanunua barafu nyingine dukani, tukaendelea kungoja.

Maabara sijui niliingia saa ngapi, alasiri ilishapita. Konokono ndio wanaomaliza macho: kila mmoja lazima atolewe gambani kwa koleo ndogo, maana gamba ni chokaa, na kaboni ya chokaa inaharibu hesabu. Vidole vinanuka matope mpaka kesho.

Usiku vyote vimeingia kwenye oveni, nyuzi 60, kwa siku mbili. Baadaye nitasaga unga, nipime kama miligramu 1 kwenye kikopo cha bati kidogo sana, visafirishwe nje kwenye mashine ya kupima naitrojeni na kaboni hizo. Mlinzi nimeshamwambia: umeme ukikatika anipigie, hata saa 8 usiku.