Tani moja na ushee

Kijana mmoja wa Kasulu kanipigia juzi, anataka kuazima yale mabomba yangu ya inchi mbili. Kanunua mashine ya kukereza vyuma, mtumba, sasa anauliza kuishusha kunataka vijana wangapi wenye nguvu. Nikacheka mpaka mke wangu akachungulia kutoka jikoni, halafu nikamsimulia kijana jinsi ya kwangu ilivyoshuka.

Yangu niliinunua kwenye karakana iliyokuwa inafungwa, kule chini karibu na bandari ya Kigoma. Bei siitaji, humu nyumbani bado kuna mtu hajaijua yote. Kuipakia haikuwa kazi, maana wenyewe walikuwa na winchi ya mnyororo. Kazi ilikuwa kwangu, huku Mwanga juu: mteremko, udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilishawapanga vijana wa kijiweni, wale wa vifua vipana.

Babu aliletwa na dereva wa Fuso. Mwembamba, kandambili miguuni, enzi zake alikuwa kuli wa stesheni. Moyoni nikasema hapa nimeongezewa mdomo wa kula tu. Yeye akaomba spana.

"Meli ya Liemba Mjerumani aliileta hapa kwenye masanduku kama elfu tano hivi, akaja kuiunga hapahapa. Wewe mwanangu unataka kushusha dude zima zima?"

Tukafungua mota, chaki (kile kinachobana chuma kinachokerezwa) na kile kichwa cha nyuma, tukavipeleka ndani mkononi. Ikabaki tani moja na ushee, na uzito wote umeegemea upande wa gia. Dereva akaambiwa arudi nyuma mpaka bodi ya gari ikutane na ukingo wa mteremko, pakabaki mwanya wa hatua moja, tukaulazia mbao za mninga. Mabomba chini ya mashine. Halafu Babu akachukua kamba ya katani, akaifunga kwenye kitanda cha mashine, akaipeleka upande wa kichwa cha gari mpaka kwenye mwembe wetu na kuizungusha shinani mara tatu. Huku mashine itakakoelekea ni mteremko kuelekea ukuta wa jirani, kwa hiyo kamba ilibidi iizuie kutoka nyuma yake. Ncha akaishika mwenyewe, mkono mmoja, kama anayechunga mbuzi. (Yule kijana nilipofika hapa akaniambia kwake kuna migomba tu. Nikakosa la kusema.)

"Kusukuma ni kwa mtarimbo. Na kelele sitaki."

Ikasogea inchi, ikasogea nyingine. Bomba likitokea nyuma, mtoto analikimbiza mbele. Upande mzito ukaingia kwenye mbao, mninga ukalia, ukapinda, nikaona matone ya maji yakitoka kwenye nyufa zake. Hapo ndipo mmoja wa wale vifua vipana uzalendo ukamshinda: "Harambeee!" Wakasukuma wote. Mashine ikateleza mbele kwa kasi, bomba moja likaruka kando, nami nikaona mguu wa mtu uko pale lilipokuwa limesimama. Kamba ikakaza, ikalia kwenye shina, gome la mwembe likachubuka mpaka kukatoka harufu ya kuungua. Ikasimama. Mguu ulikuwa mzima, kandambili ndiyo iliyobaki chini ya chuma.

Babu hakuwa amesogea hata hatua. Akatutazama kwa zamu.

"Mmeshamaliza kuimba?"

Kuanzia hapo nilisikia kamba tu, na sauti yake akisema "haya" kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Mlango haukutosha, tukabomoa ukuta. Hilo lilikuwa jambo dogo.

Kilichotukalisha ni umeme. Mashine inataka umeme wa njia tatu (fezi tatu), nyumba ina wa njia moja, na Kigoma wakati huo ilikuwa ya majenereta ya dizeli, gridi ya taifa bado haijatufikia. Kuku wakahamia kwenye kitanda cha mashine, wakataga humo kwa amani. Umeme ulipopatikana, kazi ya kwanza ikawa shafti ya kinu cha kukamulia mawese, cha mama mmoja wa Mwandiga. Hela hakuwa nayo. Alileta dumu la lita ishirini, na mke wangu akalipokea yeye mwenyewe, akaliandika kwenye daftari la matumizi ya nyumbani: mashine, dumu moja. Chini ya hapo akaacha ukurasa mzima wazi.